Mwanangu alipata degedege kwa mafua tu. Je, litarudi?

"Daktari, mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Jumapili alikuwa na mafua ya kawaida, kamasi zinatoka lakini anacheza. Saa kumi jioni nikahisi mwili wake unachemka, na kabla sijampa dawa akakakamaa, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kurukaruka, mate yanamtoka. Nilidhani amekufa. Mama mkwe akamtia kijiko mdomoni na kummwagia maji ya mtungi. Likaisha baada ya dakika mbili tatu hivi, akalala. Hospitali walimkuta na joto la 39.4, wakampima malaria mara mbili hana, mkojo safi, wakasema ni virusi. Tulilala pale usiku mmoja, tukaruhusiwa na paracetamol tu. Hakuchomwa sindano wala hakupewa antibayotiki. Mama mkwe anasema hilo ni dege, hata mume wangu lilimpata mara tatu utotoni akapona kwa kufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, na kwamba heri mjukuu wake hakuchomwa sindano, maana mtoto mwenye dege akichomwa anakufa. Sasa usiku silali, namgusa paji la uso kila saa. Je, walimpima vizuri? Litarudi? Ataingia kwenye kifafa? Hakuna dawa ya kumpa kila siku ya kulizuia? Na chanjo ya miezi 18 inakaribia, nimpeleke?"

Mama, pole sana. "Nilidhani amekufa": maneno hayo nimeyasikia kwa wazazi wengi mno, wengine wakiyasema huku bado wanatetemeka, mtoto mwenyewe ameshaamka anataka maji. Degedege ni kitu cha kutisha kulitazama. Kwa hiyo hofu uliyo nayo haina aibu, na usiku usiolala naufahamu. Nitakujibu yote uliyoniuliza, na mengine ambayo hukuuliza lakini ungependa kuyajua.

Nianze na lile ambalo hukuliandika wazi ila nimelisoma katikati ya mistari: kwamba ulichelewa kumpa dawa ya homa, na kama ungewahi, yasingetokea. Si kweli. Mara nyingi degedege la homa huja saa za mwanzo kabisa za ugonjwa, na wazazi wengi hugundua kuwa mtoto ana homa pale degedege linapomkamata. Tena paracetamol imejaribiwa kwa watoto waliowahi kupata degedege ili kuona kama kuiwahisha kunazuia lisirudi. Haikuonekana kuzuia. Inampunguzia mtoto maumivu na uchovu, anapata nguvu ya kunyonya na kunywa, na hiyo ndiyo sababu ya kumpa. Jumapili ile hakuna ulichokosea.

Kilichotokea ni hiki. Virusi vya mafua vilipoingia puani na kooni, chembe nyeupe za damu zilivitambua zikamwaga kemikali za kupeana taarifa. Kemikali hizo zikafika kwenye kituo kidogo kilicho chini ya ubongo, ambacho kazi yake ni kutunza joto la mwili. Kituo kikapandisha kiwango: badala ya 37, sasa kinataka 39. Ndiyo maana homa inapopanda mtoto hutetemeka na viganja vyake vinakuwa vya baridi huku kifua kinaunguza. Mwili unajihisi uko chini ya joto unalolitaka. Homa yenyewe ni silaha ya mwili dhidi ya virusi.

Chembe za ubongo nazo huzungumza kwa umeme mdogo sana. Kuna zinazowasha na kuna zinazozima, na kwa mtu mzima pande hizi mbili zinalingana. Kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 ubongo bado unajengwa, na upande wa kuzima haujakomaa. Joto pamoja na zile kemikali huzichokoza chembe, nyingi zikawaka kwa pamoja, na mwili ukafuata: ukakakamaa, kisha ukaanza kurukaruka. Baada ya dakika chache umeme unatulia wenyewe. Usingizi mzito uliouona baadaye ni ubongo unapumzika.

Hali hii si adimu. Huko Ulaya na Marekani huwapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100, na umri unaoongoza ni mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Mwanao yuko katikati kabisa ya umri huo.

Sasa, hospitali walipokwambia "ni virusi", nadhani ulisikia kama wamekwambia "hatujui". Akina mama wengi husikia hivyo, na sisi madaktari tunachangia, maana tunalitamka neno hilo tukiwa tumeshageuka kwenda kitanda kinachofuata. Virusi ni ugonjwa kamili. Vya mafua makali vinajulikana sana kwa kuleta degedege. Kuna vingine, vinaitwa HHV-6, ambavyo karibu kila mtoto huvipata kabla ya kutimiza miaka miwili au mitatu: homa kali ya siku tatu hadi tano, mtoto hana dalili nyingine ya maana, kisha homa ikishuka tu vinatoka vipele vya waridi kifuani na mgongoni. Mama anashtuka akidhani ni surua, kumbe ugonjwa ndio unaondoka. Kama siku hizi umeona vipele vya namna hiyo kwa mwanao, huenda umeshampata mhusika.

Antibayotiki huua bakteria. Kwa virusi hazifanyi lolote, isipokuwa kumharisha mtoto na kuwazoesha bakteria dawa, siku akiihitaji kweli isifanye kazi. Kuwaruhusu bila antibayotiki na bila sindano hakukuwa uzembe. Walimpima malaria mara mbili, wakapima mkojo, wakamwangalia usiku kucha. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Kwa nini mara mbili? Kwetu hapa hili halina mjadala. Daktari wa London anaweza kumtazama mtoto aliyeamka vizuri baada ya degedege, asimpime damu kabisa. Tanga, Kilifi au Kigoma hatuwezi. Malaria huleta degedege, na degedege lake ni la tabia nyingine: watafiti wa Kilifi waliona kwamba mara nyingi humpata mtoto hata joto likiwa halijapanda sana, na mengi yake ni ya muda mrefu, ya upande mmoja wa mwili, au ya kujirudia siku hiyohiyo. Basi hata wewe, siku nyingine ukimwona mwanao na homa, usijiambie "ni virusi tu kama mara ile". Kila homa ipimwe malaria. Na kipimo kikisema hana lakini homa ikaendelea hadi kesho yake, mrudishe apimwe tena.

Nije kwa mama mkwe, na hapa nakuomba usimgombeze. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo waliandika kwa kirefu namna familia za Pwani zinavyoutambua ugonjwa huu na kuutibu, na yale anayoyasema yeye ndiyo waliyoyasikia wao: dege, moshi, kuogopa sindano. Wazee hawa walikuwa wanatazama kwa makini. Waliona mtoto mzima akikamatwa ghafla, mikono ikipigapiga kama mbawa, kisha akaachiwa. Waliona pia kwamba baada ya kufukiza, mtoto hutulia. Ni kweli hutulia, kwa kuwa degedege lenyewe huisha ndani ya dakika chache. Kabla moto haujashika vizuri, limeshakwisha, na moshi unapewa sifa.

Hofu ya sindano nayo ina historia yake. Mtoto mwenye malaria kali iliyopanda kichwani alikuwa anakaa nyumbani siku mbili tatu akifukizwa. Akifikishwa hospitali hali imeshaharibika, anachomwa sindano, anafariki usiku huo. Familia iliona sindano, na kifo kikafuata. Kilichomuua ni zile siku mbili tatu. Mwambie mama mkwe taratibu, kwa sababu siku mjukuu wake akihitaji sindano ya malaria kali au ya homa ya uti wa mgongo, sindano hiyo ndiyo itakayomrudisha nyumbani, na yeye ndiye anaweza kuwa mtu mzima pekee aliyepo mlangoni.

Lakini katika maneno yake kuna taarifa moja ambayo huenda hakuna aliyewauliza pale hospitali: mumeo alipata mara tatu. Mama, hiyo ni habari kubwa. Degedege la homa linarithiwa katika familia, na ndugu wa damu aliyewahi kulipata ni mojawapo ya sababu kuu za mtoto kulipata. Mumeo ameshakua, anafanya kazi, ana mtoto. Ukitaka mfano wa mwisho wa degedege la homa ulivyo kwa watoto walio wengi, unaye hapo nyumbani.

Je, litarudi? Linaweza. Kwa ujumla, mtoto mmoja kati ya watatu hupata tena. Waliolipata kabla ya kutimiza mwaka mmoja ni karibu nusu. Mwanao ameshavuka mwaka, hilo ni zuri. Lakini baba yake aliwahi, na lilimjia homa ikiwa changa, na hayo mawili yanasogeza uwezekano juu kidogo. Ningekuwa wewe ningejiandaa kana kwamba litarudi, kisha nilale.

Kuhusu kifafa. Degedege la mwanao lilikuwa la mwili mzima, halikuzidi dakika 15, na halikujirudia ndani ya saa 24. Hilo tunaliita la kawaida. Katika kila watoto 100 ambao hawajawahi kupata degedege, mmoja hivi ataugua kifafa. Kwa waliopata degedege la kawaida, ni mmoja au wawili. Tofauti ni ndogo kiasi hicho. Huongezeka kwa mtoto ambaye degedege lake ni refu, la upande mmoja au la kujirudia siku hiyohiyo, aliyechelewa kukua kabla ya hapo, au ambaye mzazi ama ndugu yake wa tumbo moja ana kifafa. Na kuhusu akili: Marekani waliwafuatilia watoto wapatao 1,700 waliopata degedege la homa hadi wakafika miaka 7, matokeo yakachapishwa miaka ya 1970. Walipolinganishwa na ndugu zao ambao hawakupata, akili zao hazikuwa na tofauti. Hakuna hata mmoja aliyefariki kwa sababu ya degedege lenyewe.

Dawa ya kila siku ipo, tena zipo za aina zaidi ya moja. Phenobarbitone ilitumika sana zamani, na kweli inapunguza kurudi kwa degedege. Ila inamfanya mtoto awe mkorofi au msinziaji, na inamvuta nyuma katika kujifunza, wakati degedege lenyewe lisingemvuta. Valproate inaweza kuumiza ini la mtoto mdogo. Ukipima, unampa mtoto ugonjwa wa kila siku ili kumkinga na dakika mbili za mara moja moja. Kwa degedege la kawaida sishauri, na mtu akikuandikia, muulize sababu. Kuna diazepam ya kupitishia njia ya haja kubwa, ambayo hupewa wazazi wa watoto wenye degedege refu, au wanaoishi mbali sana na hospitali, waitumie likipita dakika 5. Mwanao hajafikia huko. Kama kwenu usiku hakuna usafiri kabisa, zungumza na daktari wenu juu yake, na usiinunue dukani bila kupimiwa kipimo cha uzito wake.

Homa ikija, mpe paracetamol kwa uzito, si kwa kukisia. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 akitumia ile ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, ni mililita 5. Soma chupa kwanza, kwa maana nguvu hutofautiana, na pima kwa kikombe au bomba lililokuja nayo, kijiko cha chai hakiaminiki. Aspirini usimpe mtoto kamwe. Mvue nguo nzito, mpe maziwa na maji mara kwa mara. Maji baridi ya mtungi hapana: yanamtetemesha, na kutetemeka kunazalisha joto zaidi.

Sasa lile la muhimu kuliko yote, na hili umwite na dada wa kazi asikilize. Degedege likimkamata, mlaze chini kwenye mkeka, ubavu wake mmoja, uso ukiinama kidogo ili mate na matapishi yatoke nje. Ondoa vitu vigumu karibu yake, legeza nguo shingoni. Tazama saa. Dakika mbili ukiwa umepiga magoti pale huonekana nusu saa, na daktari atakachotaka kujua kwanza ni muda, kwa hiyo itazame saa ya simu kweli. Usimbane mikono. Mdomoni usitie kitu: si kijiko, si kidole, si kitambaa. Ulimi haumezeki. Kijiko kinavunja meno, na jino lililovunjika linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Wala asinyweshwe chochote hadi aamke vizuri. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka miwili ambaye degedege lake lilikuwa limekwisha kitambo, lakini alilazwa na oksijeni kwa sababu ya mafuta ya taa aliyonyweshwa akiwa hana fahamu, yaliteremkia mapafuni. Jirani aliyempa alikuwa amekaa nje ya wodi analia. Alikuwa na nia njema.

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi sana: mtoto asiye na fahamu asifungwe mgongoni kwa kanga. Shingo yake inakunjika mbele na njia ya hewa inaziba, nawe humwoni. Mkipanda bodaboda au bajaji, mbebe kifuani akiwa kiubavu, kidevu kimeinuka, uso wake unauona.

Mkimbize hospitali, usiku ama mchana, kama degedege limepita dakika 5, kama limerudi siku hiyohiyo, kama lilikuwa la upande mmoja wa mwili, au kama imepita saa nzima na bado hajarudi katika hali yake. Vilevile kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amelegea hakutambui, shingo imekaza, utosi umevimba, anapumua kwa taabu, viganja vimepauka, au ana vipele vyekundu ambavyo ukivibonyeza kwa glasi havififii. Mtoto wa chini ya miezi 6 akipata degedege, hilo si la homa ya kawaida, apelekwe mara moja. Na mtoto mwenye selimundu, homa peke yake inatosha kumpeleka. Hata likija fupi kama lile la kwanza, siku hiyohiyo apimwe malaria.

Ikitokea wakataka kutoa maji ya uti wa mgongo, msikatae. Nimeona familia zikitoroka wodi kwa kusikia kuwa mtoto atapooza. Sindano ile inaingia sehemu ya chini ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha, palipobaki ni maji na nyuzi za mishipa zinazoelea. Huwa tunaomba hivyo pale tunaposhuku homa ya uti wa mgongo, na kwa ugonjwa huo kila saa ina thamani yake.

Na chanjo: mpeleke. Ya miezi 18 ni ya surua na rubela, dozi ya pili. Ni kweli kwamba chanjo yenye surua inaweza kuleta homa wiki ya kwanza hadi ya pili baada ya kuchanjwa, na mara chache sana homa hiyo huleta degedege, kama mtoto mmoja kwa dozi 3,000 hadi 4,000. Surua yenyewe inaleta homa kali kuliko hiyo, inaleta degedege, nimonia, na wakati mwingine uvimbe wa ubongo. Mwambie muuguzi wa kliniki kilichotokea, weka paracetamol ndani, na kuanzia siku ya tano hadi ya kumi na mbili uwe unamwangalia. Zile alizopata za wiki ya 6, 10 na 14 ndizo zilizomkinga na bakteria wabaya wa homa ya uti wa mgongo, na ndizo mojawapo ya sababu nilizokubaliana kirahisi na madaktari waliowaruhusu. Kagua kadi yake kama zimetimia.

Usiku lala, mama. Kumgusa paji la uso kila saa hakuzuii degedege, na wewe ukianguka kwa uchovu atalelewa na nani? Chandarua kiwe kimefungwa vizuri, mlaze karibu yako kama itakutuliza.

Kisha, ukipata muda mzuri, kaa na mama mkwe umuulize mumeo alikuwa na umri gani lilipomjia la kwanza, na lilipomjia la mwisho. Yeye ndiye pekee anayekumbuka. Andika jibu lake kwenye kadi ya kliniki ya mjukuu wake, ukurasa wa nyuma, ili daktari ajaye alisome.